Klabu ya michezo ya mezani Moshi: shajara ya mwaka wa kwanza

Nilipopata wazo la kuanzisha klabu nilitafuta Mtanzania aliyeandika jinsi alivyofanya, alitumia shilingi ngapi na aliharibu wapi. Sikumpata. Kwa hiyo naandika mwenyewe, kila hatua ikiisha. Bei zote ni za Moshi, kwa tarehe iliyoandikwa juu. Tuko waanzilishi watatu: mimi nina steshenari ndogo mjini, rafiki yangu anafundisha hesabu sekondari, na binamu yangu anaendesha bajaji.

Jumamosi, 10 Februari 2024. Kuanza

Tumeanzia pale ambapo mchezo upo tayari, yaani kijiweni. Majengo kuna mti ambao bodaboda hupaki chini yake, na drafti inapigwa hapo tangu asubuhi kwa visoda, vya huyu vimelala kifudifudi na vya yule vinatazama juu. Tukaomba tuweke meza ya pili pembeni. Hakuna aliyekataa.

Manunuzi: mbao mbili za drafti kutoka vipande vya plaiwudi, 16,000. Karata pakti mbili, 5,000. Chesi, 25,000. Ludo, 6,000. Bao, 25,000. Jumla 77,000.

Hilo bao ndilo lililoniaibisha. Nililinunua duka la vinyago. Lina bawaba katikati, linakunjwa kama kitabu, na juu kachongwa twiga. Pale kijiweni yupo mzee wa miaka sabini na kitu, sote tunamwita Meku, aliyejifunza bao Tanga enzi akifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Nikampelekea kwa mbwembwe.

"Shikamoo Meku. Nimekuletea bao."

"Marahaba, baba." Akalifungua, akapitisha kidole shimo hadi shimo, akalifunga. "Hili la kuwekea karanga."

Lina mistari miwili ya mashimo sita sita, zawadi ya mtalii. Bao la kiswahili lina mistari minne ya mashimo manane, mashimo 32, na kete 64, kila mchezaji na 32 zake. Nililijua hilo tangu utotoni, nimeona wazee wakicheza, lakini dukani niliona mashimo na mbao nikatoa hela. Sasa liko kaunta ya steshenari, naweka klipu.

Jumamosi, 24 Februari. Ubao wa Meku

Fundi seremala wa Pasua amechonga bao la mninga kwa 60,000. Alifanya mara mbili. Mara ya kwanza alitengeneza mashimo yote ya duara, mapana kama kisosi na kina kifupi, kwa hiyo kete zilikuwa zinaruka nje ukizimwaga kwa haraka. Meku akachukua boksi la sabuni, akachora kwa mkaa: mistari minne, na katika kila mstari wa mbele shimo moja la mraba. Fundi akauliza kwa nini hayo mawili yasifanane na wenzake.

"Hizo ni nyumba," Meku akamwambia. "Nyumba utaijengaje duara na wewe si Mmasai?"

Kipimo cha shimo alichotupa kinafaa kunakiliwa: kete kumi na mbili ziingie, na vidole vitatu vizifuate bila kukwaruza ukingo. Usimpe fundi sentimita, mpe kete mkononi ajaribu.

Lingine la wiki hizi mbili: chesi imekufa kijiweni. Kila ikifika katikati, mteja anaita, bodaboda anawasha pikipiki, mwenzake anabaki anatazama farasi. Drafti haifi kwa sababu aliyesimama nyuma anakaa na kuendeleza, na mara nyingi alishaanza kuicheza kwa mdomo kabla hajakaa. Tumeelewa kwamba kabla ya kuuliza mchezo ni mzuri kiasi gani, uliza wachezaji wako huondoka vipi.

Jumamosi, 9 Machi. Tumekodi fremu

Tumeona kijiwe hakitoshi. Fremu iko nyuma ya grosari, 70,000 kwa mwezi, mwenye nyumba kataka miezi mitatu: 210,000. Meza mbili 90,000. Viti vya plastiki vinane, kimoja 16,000, jumla 128,000. Yote 428,000. Tunafungua saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku, siku tatu kwa wiki. Tunajisikia watu wazima.

Jumamosi, 27 Aprili. Masika

Mvua ya mwaka huu haijatoa nafasi. Plaiwudi moja ya drafti imejikunja kama chapati iliyoungua, ukiweka kisoda kona moja kinateremka chenyewe. Keram tuliyoazima haichezeki: poda inashika unyevu, inakuwa uji, kete inasimama katikati ya ubao kama gari lililokwama tope. Tumeirudisha kwa mwenyewe kabla haijaharibika.

Lakini pigo kubwa limetoka kwenye maharage. Kete halisi za bao ni komwe, mbegu ngumu za pwani, na Moshi hatukuzipata, tukatumia maharage ya soya… hapana, yalikuwa yale mekundu makubwa, nimemuuliza binamu aliyenunua. Jumanne usiku Meku alikuwa anacheza na kijana wa fundi simu. Wameshamaliza namua (kuingiza kete za mkononi), wako kwenye mtaji (kete zote ziko ubaoni), mchezo mtamu, watu wamewazunguka. Meku akaokota harage moja, akalisogeza kwenye taa. Lina tundu. Akaligonga mezani, ukatoka unga, na nyuma ya unga akatoka fukusi mmoja akitembea polepole kama mwenye nyumba.

Tukahesabu: kete 57. Saba zilikuwa zimemomonyoka au zimepondeka vidoleni bila mtu kuona, na hakuna aliyeweza kusema zilikuwa za nani. Mchezo ukavunjwa. Kijana alikuwa anaelekea kushinda, na mpaka leo anadai.

Suluhisho: dada yake mwalimu yuko Tanga. Ametuma komwe mia moja kwa basi, 10,000 pamoja na kifurushi. Ni za kijivu, laini kwa nje na ngumu kama changarawe, na zinalia vizuri zikigonga mninga. Fukusi hana kazi hapo. Kama huna ndugu pwani, tumia kokoto ndogo za mtoni. Chochote kinacholiwa kisiwe kete.

Jumamosi, 18 Mei. Mtendaji wa mtaa ametutembelea

Kuna mtu alipeleka habari kwamba nyuma ya grosari kuna kamari. Mtendaji akaja saa moja na nusu usiku akiwa na mgambo mmoja. Hakufoka. Aliamkia wazee, akasimama nyuma ya meza ya karata, akanyoosha mkono na kuinua glasi ya maji. Chini yake noti ya elfu mbili, imekunjwa mara nne.

Vijana wawili walikuwa wamewekeana soda, na chenji ya kupeleka dukani. Wao waliona ni mzaha wa kawaida. Lakini Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na kuendesha michezo ya hela kunahitaji leseni ya Bodi, ambayo sisi hatuna na hatuitaki. Mtendaji akauliza swali moja tu: "Nyie ni nani?" Hatukuwa na jibu la maandishi. Hatuna katiba, hatuna barua, hatuna hata karatasi ukutani yenye jina letu.

Tulichofanya wiki hiyo hiyo:

Tumeandika barua ya ukurasa mmoja kwa ofisi ya mtaa: majina ya wasimamizi watatu, siku, saa, aina za michezo. Tumebaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Haikugharimu kitu zaidi ya karatasi.

Tumebandika ukutani: hakuna hela mezani, hakuna soda mezani, hakuna vocha mezani. Hilo la vocha aliliongeza binamu, na alikuwa sahihi, maana wiki iliyofuata mmoja alijaribu.

Tumemkaribisha mtendaji arudi mchana, bila mgambo. Alirudi kweli, akacheza drafti na mwanafunzi wa kidato cha pili, binti, akafungwa michezo miwili mfululizo, akasema ataleta timu ya ofisi. Bado tunaisubiri.

Jumamosi, 8 Juni. Tumetoka kwenye fremu

Miezi mitatu imeisha, hatukuongeza. Hili ndilo kosa lililotugharimu kuliko yote, na sababu yake sikuielewa mpaka nilipomuuliza dada mmoja wa saluni aliyekuja mara moja mwezi wa nne, akakaa dakika kumi, akaondoka.

"Kaka yangu, mimi nikionekana naingia nyuma ya grosari saa moja usiku, kesho mtaa mzima una habari. Na nyie mna taa moja."

Wastani wetu ulikuwa watu tisa, wote wanaume. Tulikuwa tunasema wanawake wa Moshi hawapendi michezo.

Sasa tuko mgahawani karibu na Double Road. Mama mwenye mgahawa anapika asubuhi na mchana, Jumamosi kuanzia saa nane wateja wake wanapungua. Tumehamishia meza na viti vyetu pale. Siku ni moja tu, Jumamosi, saa nane mchana hadi saa kumi na mbili. Hakuna pango. Leo wamekuja watu 17, wanawake sita, akiwemo dada wa saluni na wenzake wawili. Umeme ulikatika saa tisa na hakuna aliyejali, kwa sababu jua lipo.

Jumamosi, 29 Juni. Boksi la Kiboriloni

Mwalimu alikuwa kwenye mitumba ya Kiboriloni anatafuta koti la baridi (Juni ya Moshi mnaijua), akaona kwenye rundo la midoli boksi limefungwa kwa kamba ya katani. Muuzaji alisema ni puzzle la watoto, 15,000. Kamaliza kwa 7,000. Ni Catan, mchezo wa kukusanya mali na kujenga nyumba na barabara, toleo la Kijerumani. Mchezo huu ulitoka Ujerumani mwaka 1995, mtunzi Klaus Teuber, na ndio uliofanya watu wengi duniani waanze kukaa mezani tena.

Tumemwaga vyote kwenye mkeka na kuhesabu. Mnaopata boksi la mtumba, hesabuni hivi. Vigae vya nchi vinatakiwa 19: tulipata 17. Vibao vya namba 18: vyote vipo. Karata za mali zinatakiwa 95, yaani aina tano za 19 kila moja: tulipata 71. Kila rangi iwe na nyumba tano, miji minne na barabara 15: nyekundu ilikuwa na barabara 11. Dadu moja badala ya mbili. Yule mnyang'anyi anayesimamishwa jangwani hayupo kabisa.

Dadu tumetoa kwenye ludo. Barabara ni njiti za kiberiti zilizopakwa rangi ya kucha, kwa hisani ya saluni. Vigae viwili tumekata boksi la biskuti, tabaka mbili zimegundishwa ili unene ulingane. Mnyang'anyi ni askari mweusi wa ile chesi iliyokufa kijiweni, na jina lake tangu siku ya kwanza ni Kibaka.

Jumamosi, 20 Julai. Karata 24

Hii imekula wiki tatu, nayo ni kazi ya fani yangu mwenyewe, ndiyo maana inauma.

Jaribio la kwanza: nimechapa karata 24 zilizokosekana kwa rangi, nikazipiga laminesheni, nikakata. Kwa vifaa vyangu mwenyewe, 6,000. Zilipendeza. Mezani zikashindwa kwa njia ambayo sikuifikiria. Kwenye Catan, dadu zikitoa saba, aliyetupa anamhamisha Kibaka na anachomoa karata moja mkononi mwa mwenzake bila kuiona. Sasa karata za laminesheni ni nene, zina ncha kali, zinateleza. Mchezo wa pili tu dada wa saluni alikuwa anapitisha kidole gumba juu ya karata za mwenzake, anachagua. Alikuwa ameshajua kwamba zile nene nyingi ni tofali. Kila akiiba, anaiba tofali. Hatukumkamata kwa sababu hakukuwa na kosa, vidole ni vyake.

Jaribio la pili: nikaona bora karata zote 95 ziwe mpya na zifanane. Karata za kawaida pakti moja ina 52 ukiondoa majokeri. Pakti mbili ni 104. Nabandika stika upande wa mbele, mgongo unabaki kama ulivyo, na tisa zinabaki za akiba. Hesabu safi. Nikanunua pakti mbili kwa 5,000 bila kutazama migongo: moja nyekundu, moja ya bluu. Nimekwisha bandika karata 30 ndipo mke wangu akauliza kwa nini zina rangi mbili.

Jaribio la tatu: pakti nyingine ya bluu, 2,500. Karatasi 11 za stika, tisa kwa kila karatasi, 6,600. Bandika kwanza, kata baadaye kwa kufuata ukingo wa karata yenyewe, kisha zilale usiku kucha chini ya kamusi. Zinachangika vizuri, na mpaka sasa hakuna stika iliyobanduka.

Kwa kuwa tulikuwa tunachapa upya, tuliandika majina yetu. Mbao, tofali na mawe hayakuleta ubishi. Kondoo amekuwa mbuzi kwa kura 9 dhidi ya 2. Ngano imekuwa ndizi, na hilo halikupigiwa kura.

Jumamosi, 10 Agosti. Jinsi ya kufundisha

Nimeandika "jinsi ya kufundisha" lakini niseme kwanza jinsi ya kufukuza watu. Jumamosi mbili zilizopita walikuja wageni wanne. Niliwakalisha, nikasimama, nikawaeleza Catan kuanzia kigae hadi pointi kumi za ushindi. Dakika arobaini. Nilikuwa naeleza bandari wakati mmoja ameshafungua simu na mwingine anaongea na Mama kuhusu bei ya nyanya. Wakacheza raundi tatu, wakaaga kwa heshima. Hawajarudi.

Kwenye bao hali ilikuwa hiyo hiyo. Meku anamwanzishia mgeni bao kubwa: kete sita nyumbani, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, 22 mkononi, na unaanza kunamua. Mgeni hajajua kula ni nini, anaambiwa nyumba yake inasafiri. Nilimwomba mara tatu aanze na bao la kujifunza, lile la kete mbili mbili kila shimo, zote ziko ubaoni, hakuna za mkononi.

"Hilo la watoto."

"Ndiyo Meku, na wao kwenye bao ni watoto."

Alinyamaza wiki nzima. Jumamosi iliyofuata nilimkuta na yule binti wa kidato cha pili, mbili mbili kila shimo, anamwongoza mkono: "Hapa unakula, chukua, anzia kichwani, mwaga." Hakunitazama.

Kwa upande wa Catan mwalimu ndiye aliyetuokoa. Aliweka ubao tayari, nyumba za kila mtu zimeshapangwa, akasema maneno machache sana: "Hizi nyumba zako. Tupa dadu. Ikitoka namba inayogusa nyumba yako, chukua mali." Wakaanza. Biashara akaieleza pale mtu wa kwanza alipokosa tofali. Bandari akaieleza mtu alipofika baharini. Alipoulizwa kwa nini namba nyekundu, sita na nane, ni bora, hakueleza, aliwapa visoda. Kila dadu mbili zikianguka, weka kisoda kwenye safu ya jumla yake. Baada ya nusu saa visoda vilikuwa vimepanda katikati na kushuka pembeni. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka: saba ina njia sita, sita na nane zina tano tano, mbili na kumi na mbili zina moja moja.

"Saba ni Kibo," binti akasema.

Toka siku hiyo kila meza ina mwenyeji wa meza. Kazi yake ni kumwanzisha mgeni ndani ya dakika tano, na siku akiwa mwenyeji hatafuti ushindi. Sharti hilo la pili ni gumu kuliko la kwanza. Binamu yangu ameondolewa wenyeji mara mbili.

Jumamosi, 7 Septemba. Mama amesema

Jumamosi iliyopita Mama aliniita jikoni. "Mwanangu, nawapenda, mnaheshimu. Ila mnakaa saa nne na kikombe kimoja."

Nikaomba tuhesabu pamoja. Watu 18. Chai 11 kwa 500, chapati saba kwa 500. Jumla 9,000, na meza zote zimejaa, na alirudisha wateja wa chakula wasiopungua watano. Ukweli ni kwamba alikuwa anatulipia pango sisi.

Tulichokubaliana: kiingilio 1,500 kwa mtu mzima. Elfu moja ni ya Mama, unapewa chai na chapati, mia tano ni ya mfuko wa klabu. Mwanafunzi 1,000, yote kwa Mama. Meza mbili za dirishani haziguswi, ni za wateja wake.

Leo wamekuja 13. Walionuna wamenuna. (Nyongeza, 21 Septemba: 19. Walionuna wamerudi, wanasema chapati imekuwa ndogo.)

Pia tumenunua mifuko ya zipu na makopo, 8,500. Kila mchezo una karatasi ndani ya kopo yenye idadi ya vipande, na mwenyeji wa meza anahesabu kabla watu hawajasimama. Ukihesabu baada ya watu kusimama umechelewa.

Jumamosi, 5 Oktoba. Mashindano yaliyoharibika

Drafti, washiriki 16, ukifungwa umetoka. Tulianza saa nane. Saa nane na nusu watu wanane walikuwa wameshatoka, na kabla ya saa tisa, sita kati yao walikuwa wameshapanda bajaji. Mama alibaki na chapati za watu waliokwenda. Fainali ilitazamwa na watu watano, mmoja wao akiwa mtoto wa Mama.

Juu ya hapo ugomvi wa sheria. Huyu anasema ukisahau kula, kete yako inaondolewa. Yule anasema hapana, unalazimishwa urudi ule. Kila mmoja ana kijiwe chake cha kumtetea. Tulipoteza dakika ishirini, na aliyeshindwa hoja amesema hatacheza tena na watu wa Majengo.

Jumamosi, 26 Oktoba. Mashindano ya pili

Safari hii tumetumia mfumo wa Uswisi, ule uliojaribiwa kwenye chesi mjini Zurich mwaka 1895. Hakuna anayetoka. Raundi ya kwanza kura, baada ya hapo aliyeshinda anakutana na aliyeshinda, aliyefungwa na aliyefungwa, na hamrudii kukutana. Kwa watu 16, kama hakuna sare, raundi nne zinatosha kumpata mmoja asiyefungwa. Mwalimu alipanga kwa daftari na penseli, sikuona haja ya kompyuta.

Sheria za drafti ziliandikwa ukurasa mmoja, zikasomwa kwa sauti kabla ya kura, na kila mmoja akasaini. Tulichagua kulazimisha kula. Hatukuchagua kwa sababu ni sahihi, tulichagua kwa sababu ni rahisi kwa mwamuzi.

Waliobaki hadi mwisho: 15 kati ya 16. Mmoja alikuwa na zamu hospitali. Zawadi ilikuwa chupa ya chai, 18,000, kutoka mfuko wa klabu, si michango ya washiriki. Meku alishika nafasi ya tisa na kusema drafti ni mchezo wa watu wenye haraka.

Jumamosi, 30 Novemba. Uchaguzi

Jumatano tarehe 27 ulikuwa uchaguzi wa serikali za mitaa, na Jumamosi mbili kabla yake tulikuwa saba, halafu sita. Tulikubaliana mapema: kofia na fulana za chama zinaachwa kwa Mama kaunta, unachukua ukitoka. Ilifanya kazi. Barua yetu yenye muhuri tumepeleka nakala kwa uongozi mpya.

Jumamosi, 28 Desemba. Wachaga wamerudi

Mama kafunga, yuko Kibosho na wanawe. Nusu ya klabu wako migombani kwao. Tulitaka kusimamisha mpaka Januari, lakini binamu akasema ndugu zetu wa Dar wamejaa kijijini na wanalala mchana. Tukabeba makopo kwenye bajaji hadi kwa bibi yetu, Old Moshi, tukaweka meza barazani.

Watu 31, nusu yao shangazi. Catan ilichezwa na wajomba wawili ambao hawajasalimiana vizuri tangu ugomvi wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na mmoja alikataa kumuuzia mwenzake ndizi hata kwa mbuzi watatu. Bibi aliniuliza kama kweli huo ni mchezo.

Hasara: njiti za barabara nne, na dadu moja iliyopatikana jioni chini ya kata ya mbege. Kuhesabu kabla ya watu kusimama hakuwezekani ukiwa na shangazi.

Jumamosi, 8 Februari 2025. Hesabu

Manunuzi ya kwanza 77,000. Bao la mninga 60,000. Fremu, meza na viti 428,000. Komwe 10,000. Catan pamoja na karata zake zote, nzuri na mbaya, 27,100. Makopo na mifuko 8,500. Zawadi 18,000. Jumla 628,600.

Zilizopotea bure: pango la fremu 210,000, bao la twiga 25,000, laminesheni 6,000, pakti nyekundu 2,500. Jumla 243,500. Mwenye kunakili kazi hii aanze na 385,100, na akipata mgahawa wenye viti vya kutosha aondoe na vile 128,000.

Mfuko wa klabu tangu Septemba umeingiza 118,500. Umelipia makopo na zawadi, umebaki na 92,000. Mengine yote, 602,100, yametoka mifukoni mwetu watatu, 200,700 kila mmoja, na mke wangu ameisoma sentensi hii.

Wastani wa Januari ni watu 21, wanawake tisa. Meza ya bao sasa ina foleni. Binti yule ameingia kidato cha tatu, amemaliza bao la kujifunza na ameanza kunamua. Juzi alimfunga fundi simu.

Kwa hiyo tumeagiza ubao wa pili, fundi yule yule, 65,000 safari hii. Nilimchorea mwenyewe, nyumba mraba zote mbili. Alhamisi tulikwenda na Meku Pasua kuuona kabla haujapigwa msasa. Akatoa komwe mfukoni, akahesabu kumi na mbili, akazitia nyumbani, akafuatisha vidole vitatu. Akavitoa, akavitazama.

"Ongeza kidogo huku," akamwambia fundi. "Huyu mtoto ana mkono mdogo, lakini atakua."

Utakuwa tayari tarehe 22.